Asiyepanda Hahesabiwi

Mama yangu ana goti lililochoka. Halijavunjika wala halina jeraha. Limechoka tu, kama bawaba ya mlango uliofunguliwa na kufungwa kwa miaka 75. Kwenye njia tambarare anatembea vizuri na mkongojo wake, tena hapendi kushikwa mkono. Shida yake ni ngazi. Siku moja tulikuwa tunatoka kliniki, na kituo cha basi kilikuwa upande wa pili wa barabara pana. Katikati ya barabara palikuwa na ukuta wa zege unaofika kiunoni, na juu yake daraja la waenda kwa miguu. Ngazi za kupandia huku, ngazi za kushukia kule. Mama akasimama chini, akaweka mkono juu ya bomba la kushikilia, akainua macho mpaka juu kabisa. Nilimwona anazihesabu kimoyomoyo, midomo inachezacheza. Alipofika katikati akaacha.

"Mwanangu," akaniambia, "waliojenga hapa hawakutazamia tuje."

Tukageuka. Tulizunguka hadi kwenye taa za barabarani, mbali kweli, Mama akipumzika mara mbili njiani, mara ya pili juu ya jiwe. Basi tulilolikusudia lilipita upande wa pili tunaliona.

Wiki iliyofuata nilipita pale peke yangu. Karibu na mguu wa daraja nilimkuta kijana ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, ubao wa karatasi magotini. Alikuwa anahesabu magari. Gari dogo, kistari. Basi, kistari. Lori, pikipiki, vivyo hivyo. Vistari vinne wima, na cha tano kinavikata kwa mshazari. Nikamsalimu, nikamwuliza kama anawahesabu na wanaovuka kwa miguu. Akaigeuza karatasi niione mwenyewe.

"Fomu haina nafasi yao, kaka. Mimi nimepewa hizi safu tu."

Hakuwa na ubaya wowote, kijana wa watu. Alikuwa anafanya kazi yake kwa uaminifu kwenye jua kali. Lakini karatasi ile imenikaa kichwani. Kutokana nayo mtu fulani ofisini atajua magari ni mengi kiasi gani, aipanue barabara, auinue ukuta, alirefushe daraja. Mama hayumo. Hayumo kwa sababu hakuvuka, na hakuvuka kwa sababu ya ngazi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya reli, mabasi na barabara nikiitafuta karatasi ile, na nimeikuta kila mahali. Asiyeweza kupanda hahesabiwi, na asiyehesabiwa hajengewi. Kisha watu husema kwa dhati kabisa kwamba hakuna anayehitaji kujengewa.

Tuanze na reli, maana ndiyo iliyoanza kuwapanga watu kwa mabehewa. Makampuni ya mwanzo ya reli ya Uingereza yaliwatengenezea wenye fedha mabehewa yenye paa na viti vya mito. Maskini walipakiwa kwenye magari ya wazi yenye kuta fupi, juani na mvuani, mara nyingi yakiwa yameungwa kwenye treni za mizigo. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841, treni moja ya namna hiyo ilikuwa inatoka London kuelekea magharibi. Pale Sonning, ambapo reli inapita kwenye bonde lililochimbwa katikati ya kilima, mvua ilikuwa imeporomosha udongo juu ya njia. Injini ikaingia kwenye udongo. Mabehewa mawili ya daraja la tatu yalikuwa yamewekwa mara tu baada ya injini, na nyuma yake yalifuata mabehewa mazito ya mizigo. Uzito wote huo uliwajia watu kwa nyuma. Wanane walikufa palepale na wa tisa akafa baadaye. Wengi wao walikuwa mafundi waliokuwa wakijenga jengo jipya la Bunge, wanarudi makwao kwa Krismasi.

Mpangilio ule wa mabehewa ndio unaoniuma kuliko ajali yenyewe. Mvua humnyeshea kila mtu na udongo huporomoka popote. Lakini kuna mtu aliyeamua kwamba miili ya mafundi wale ikae kati ya chuma na mizigo, na huenda hata hakujua kwamba ameamua. Aliona anapanga treni tu.

Mwaka 1844 Bunge likapitisha sheria. Kila kampuni ya reli ya abiria ikatakiwa kuendesha walau treni moja kwa siku kwa ajili ya watu wa daraja la tatu, isimame kila stesheni, iende kwa wastani wa maili 12 kwa saa au zaidi, iwe na viti na kinga dhidi ya mvua, na nauli isizidi peni moja kwa maili. Kuna makampuni yaliyotii kwa shingo upande, treni hiyo yakaipangia saa ambazo mtu mwenye kazi asingeweza kuitumia kwa raha. Ilibidi ufike mwaka 1872 ndipo kampuni ya Midland ikaruhusu abiria wa daraja la tatu kupanda treni zake zote, na 1875 ikafuta daraja la pili na kuweka mito kwenye viti vya daraja la tatu. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, abiria walio wengi mno wa reli za nchi ile walikuwa wa daraja la tatu. Watu hao hawakuzaliwa mwaka 1872. Walikuwepo siku zote, wanatembea kwa miguu, wanabaki makwao, wanakosa kumzika ndugu aliyefia mji wa mbali. Hesabu ya abiria haikuwaona kwa sababu ilianzia ndani ya behewa.

Reli ile ile ilipovuka bahari ilipanga watu kwa rangi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na wapatao 2,500 walikufa kazini. Ilipoanza kubeba abiria, madaraja yalifuata ngozi: la kwanza la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika kwenye mabenchi ya mbao. Aliyepoteza ndugu yake akitandika mataruma alilazimika kuketi nyuma ya aliyekuja na tiketi.

Kuna tarehe moja ambayo hainitoki akilini, tarehe 7 Juni. Mwaka 1892, siku hiyo, huko New Orleans nchini Marekani, fundi viatu aitwaye Homer Plessy alinunua tiketi ya daraja la kwanza akaketi kwenye behewa la weupe. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo, mwanasheria kijana Mohandas Gandhi alitolewa kwa nguvu kwenye behewa la daraja la kwanza pale Pietermaritzburg, Afrika Kusini, akaimaliza sehemu ya usiku akitetemeka kwenye chumba cha kungojea. Ya Gandhi inajulikana sana kwetu. Ya Plessy haisimuliwi mara nyingi, na ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo.

Plessy alikuwa na asili ya Kiafrika kwa sehemu moja kati ya nane. Kwa kumtazama usingejua. Ilibidi aseme mwenyewe. Kamati ya raia wa New Orleans ilikuwa imepanga akamatwe makusudi, ili sheria ya Louisiana ya mwaka 1890 ipelekwe mahakamani. Sheria hiyo ilizitaka reli ziwe na mabehewa tofauti ya weupe na ya watu wa rangi. Kampuni ya reli nayo haikuipenda, kwa sababu ya gharama: behewa la ziada ni fedha hata likienda tupu.

Lakini ndani ya sheria ile kulikuwa na kifungu kidogo. Haikuwahusu mayaya wanaowalea watoto wa rangi nyingine. Nilipokisoma mara ya kwanza nilirudi nyuma nikakisoma tena. Mwanamke Mweusi akiketi peke yake kwenye behewa lile, amevunja sheria. Akiketi kiti kile kile akiwa na mtoto mweupe mapajani, hana kosa. Kwa hiyo hoja ya kwamba watu wa rangi mbili hawawezi kukaa pamoja haikuwa kweli hata kwa walioitunga. Walikaa pamoja, walilala pamoja njiani, mtoto alinyweshwa maziwa kwa mkono ule ule. Kilichokatazwa ni mwanamke yule kusafiri kwa safari yake mwenyewe. Akisafiri kwa kazi ya mwingine, mlango ulikuwa wazi.

Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya Plessy kwa kura 7 kwa 1. Alilipa faini ya dola 25. Alisamehewa rasmi mwaka 2022, muda mrefu baada ya kufa, na katikati ya miaka hiyo hukumu yake ilikuwa imehalalisha utengano kwenye shule, hospitali, vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Yote hayo yalipitia kwenye kiti cha treni.

Hata hivyo si kila aliyeteremshwa alishindwa. Mwaka 1854, karibu miaka 40 kabla ya Plessy, mwalimu Mweusi Elizabeth Jennings alipanda tramu ya farasi New York akiwa anawahi kanisani, kwani ndiye aliyepiga kinanda. Kondakta akamwambia angoje gari la watu wake. Akakataa, akashikilia, akatolewa kwa msaada wa polisi. Alishtaki, akashinda mwaka 1855, akalipwa dola 225. Wakili wake, Chester Arthur, baadaye akawa rais wa nchi ile. Fikiria basi: miaka mia moja na siku chache baada ya hukumu hiyo, huko Montgomery, jimbo la Alabama, Claudette Colvin wa miaka 15 alikamatwa kwa kukataa kumpisha mweupe kiti ndani ya basi, na tarehe 1 Desemba 1955 akafuata Rosa Parks. Haki iliyopatikana haikai yenyewe.

Montgomery inavunja kidogo hoja yangu, na ni vizuri ivunjwe. Pale watu Weusi walihesabiwa. Walikuwa karibu robo tatu ya abiria wote wa mabasi. Lakini walilipa nauli mlango wa mbele, wakashuka, wakapanda tena kwa mlango wa nyuma, na wakati mwingine dereva aliondoka kabla hawajaufikia. Sarafu zao zilihesabiwa, wao wakabaki barabarani. Kwa hiyo walipogoma kwa siku 381, wakitembea kwa miguu na kubebana kwenye magari ya watu binafsi, walikuwa wanamwonyesha mwenye basi kitu ambacho daftari lake lilishakisema siku zote.

Mwaka 1957, mgomo huo ukiwa umekwisha, wakazi wa Alexandra nje ya Johannesburg walifanya hivyo hivyo. Nauli ilipanda kutoka peni 4 hadi 5. Peni moja. Watu walitembea kama kilomita 15 asubuhi na 15 jioni, kuanzia Januari hadi Aprili, kwa sababu walitupwa mbali na mji kwa sheria na sasa walikuwa wanatozwa kwa umbali ambao hawakuuchagua. Kilio chao kilikuwa neno moja la Kizulu: *Azikhwelwa*. Hazipandwi. Sisi tunaosema "kwea" kwa kupanda mnazi au kilima tunausikia undugu wa neno hilo bila kufunzwa na mtu, na mimi kila nikilitamka nasikia miguu.

Mabango ya "weupe tu" hatimaye yalibanduliwa. Kazi ile ikaendelea kufanywa na zege, ambalo halina maandishi yoyote ya kumshtakia mtu.

Rudi New Orleans, mtaa wa Tremé, alikoishi Plessy. Katikati yake ulipita mtaa mpana uitwao Claiborne, na katikati ya Claiborne palikuwa na uwanja mrefu wa nyasi wenye mialoni mikubwa iliyokutanisha matawi juu. Kando yake yalikuwa maduka, kampuni za bima, wazishi, vinyozi, biashara za watu Weusi ambao madukani mwa katikati ya mji hawakukaribishwa. Chini ya miti watu walipika, watoto walicheza, sherehe za Mardi Gras zilifanyika. Mwaka 1956 serikali kuu ya Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya barabara kuu za kitaifa, kilomita zipatazo 66,000, na kuahidi kulipa asilimia 90 ya gharama. Jimbo linalolipa sehemu moja kati ya kumi halioni sababu ya kujiuliza mara mbili. Mwaka 1966 mialoni ya Claiborne ilikatwa, zikasimamishwa nguzo, na barabara ya juu ikapita pale palipokuwa kivuli.

Lakini kulikuwa na barabara nyingine kwenye mpango huo huo, mji huo huo. Hii ilikusudiwa kupita ukingo wa mto mbele ya mtaa wa kale wa Kifaransa, mahali penye majengo ya kihistoria na watu wenye mawakili. Walipinga kwa miaka, na mwaka 1969 waziri wa uchukuzi wa Marekani akaifuta. Kutoka mtaa huu hadi ule mtu anatembea dakika chache. Kila ninapoambiwa kwamba barabara hupitishwa panapofaa kitaalamu, hukumbuka mitaa hii miwili. Wahandisi walikuwa wale wale na udongo ni ule ule wa bonde la Mississippi. Tofauti ilikuwa nani akipiga simu inapokelewa.

Habari kama hiyo iko Saint Paul, ambako mtaa wa Rondo ulipasuliwa katikati na barabara kuu namba 94, na Miami, ambako Overtown ilifunikwa na namba 95. Nani aliitumia barabara ile baadaye? Mwenye gari anayeishi nje ya mji, anayefika kazini kwa muda mfupi zaidi. Huyo alihesabiwa. Muda wake uliookolewa uliandikwa kuwa faida ya mradi. Muda wa bibi wa Tremé anayezunguka nguzo kwenda kwa jirani yake haukuandikwa popote.

Sasa nije kwa magoti.

Tarehe 5 Julai 1978, kwenye makutano ya barabara za Colfax na Broadway mjini Denver, watu 19 wenye viti vya magurudumu, wakisaidiwa na mchungaji Wade Blank, waliyazuia mabasi mawili. Wengine waliteremka kwenye viti vyao wakalala lami mbele ya matairi. Walikaa usiku kucha. Wengi wao walikuwa wametoka kwenye makao ya kutunzia wagonjwa, wakaanza kuishi wenyewe mjini, kisha wakagundua kwamba mji hauna namna ya kuwabeba. Kauli yao ilikuwa ni kwamba watapanda. Basi lililopanuliwa mlango na kuwekwa lifti lilionekana ghali kwa watu ambao hawaonekani kwenye mabasi. Ndiyo ile karatasi tena. Wangeonekanaje?

Washington ilikuwa imelipata somo hilo miaka miwili kabla. Reli yake ya chini ya ardhi ilifunguliwa Machi 1976, lakini watu wenye ulemavu walikuwa wamekwenda mahakamani, na kwa amri ya mahakama kituo cha Gallery Place kilibaki kimefungwa hadi lifti yake ilipokamilika, Desemba mwaka huo. Treni zilikipita bila kusimama. Napenda sana picha hiyo: kituo kizima, taa na sakafu tayari, kinangoja lifti. Kwa miezi kadhaa kila mtu wa eneo lile alinyimwa kituo kwa sababu kuna mwenzake asiyeweza kukitumia. Wapo walioona ni adhabu isiyo na maana. Mimi naona ndiyo mara chache kwenye historia hii ambapo ngazi ziligawanywa sawa.

Linganisha na Paris, ambako metro ilianza mwaka 1900 kwa ngazi, na njia iliyojengwa tangu mwanzo ili mwenye kiti cha magurudumu aitumie yote, namba 14, ilikuja mwaka 1998. Karibu miaka mia moja kati ya hizo mbili. Kuweka lifti kwenye kituo kilichochimbwa zamani ni kazi ngumu na ya gharama kubwa, sikatai, kwa sababu chini pana mabomba, misingi na mahandaki ya njia nyingine. Ndiyo maana uamuzi wa siku ya kwanza una uzito kiasi hicho. Lifti iliyosahauliwa kwenye mchoro hugeuka deni linalolipwa na wajukuu.

Na si kila kitu ni ghali. Mwaka 1965 Mjapani Seiichi Miyake alibuni vigae vya njano vyenye vinundu ambavyo asiyeona huvisikia kwa unyayo au fimbo. Vya kwanza vilitandikwa Machi 1967 kwenye kivuko cha barabara mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Leo viko kwenye stesheni duniani kote, na watu wengi huvikanyaga bila kujua ni lugha. Sehemu za ukingo wa barabara zilizoshushwa kwa ajili ya viti vya magurudumu nazo zimekuwa njia ya mama mwenye kigari cha mtoto, msafiri mwenye sanduku na mchukuzi wa mkokoteni. Wote hao walikuwepo kabla, na hakuna aliyekuwa amewahesabu.

Magari yalipoingia mijini yalikuta barabara ni ya watu. Waliitembea, waliuzia humo, watoto walicheza. Ilibidi watu wafundishwe kuona aibu. Huko Marekani lilitengenezwa neno la kumwita anayevuka ovyo, na mzizi wake ni tusi la mtu wa shamba asiyejua mambo ya mji. Mwaka 1925 Los Angeles ikatunga kanuni za kuwabana waenda kwa miguu wavuke panapoelekezwa, na miji mingine ikafuata. Kabla ya hapo mgeni barabarani alikuwa gari. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni wanaotembea, wanaoendesha baiskeli na wa pikipiki. Kwenye takwimu hizo, hatimaye, safu yao ipo.

Nimejiuliza kama kuna mji ulioanza hesabu kutoka upande wa pili. Medellín nchini Colombia walau ulijaribu. Mwaka 2004 ulifunga magari ya kebo kuelekea mitaa ya mlimani ambako watu walikuwa wakishuka na kupanda vilima kila siku ili kuifikia metro, na mwaka 2011 ukaweka ngazi za umeme zenye urefu wa mita 384 kwenye mtaa wa Comuna 13. Hazikumaliza umaskini, na wanaozisifu kana kwamba zilifanya hivyo wanawakosea wakazi waliopigania mtaa wao kwa njia nyingine nyingi. Ninachokiheshimu ni mahali walipoanzia. Walimtazama mtu aliye juu kabisa ya mlima, mwenye ndoo au mtoto, wakauliza huyu anafikaje chini.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye daraja letu. Kijana wa kuhesabu magari alikuwa ameshaondoka, kazi yake imekwisha, bila shaka karatasi zake ziko ofisini. Niliketi mahali alipokuwa ameketi, nikafungua daftari, nikachora mwenyewe safu moja: waliofika chini ya ngazi wakageuka.

Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mfuko mzito kila mkono. Aliziangalia ngazi, akauangalia ukuta, akaondoka kuelekea taa. Baadaye kijana mwenye magongo mawili, ambaye hakusimama hata kidogo. Alilitupia daraja jicho akaendelea mbele, kama mtu anayepita mlango wa nyumba alimokwisha kukatazwa kuingia. Kisha mzee aliyevaa kanzu, taratibu. Huyu alipanda ngazi tatu. Akasimama, akashika bomba kwa mikono yote miwili, akageuka na kuanza kushuka kinyumenyume, mguu mmoja unautafuta ukingo wa ngazi kabla ya mwingine kuachia. Niliinuka nikaenda kumshika kiwiko. "Ahsante, mwanangu," akasema alipofika chini, "nilidhani leo litakubali," akaligusa goti lake.

Nikamsindikiza hadi kwenye taa. Nikarudi kwenye daftari, nikachora kistari.